Wakuu, sehemu ndogo za Bitcoin tuziiteje: biti, sati, senti au laki?

#1 Kokotoo
Salaam wakuu. Bitcoin moja ina satoshi 100,000,000, hilo halina ubishi. Ubishi uko katikati. Pochi moja inakuonyesha 0.00250000 BTC, ya pili 2.5 mBTC (m ni sehemu ya elfu), ya tatu 2,500 bits, ya nne 250,000 sats. Zote ni hela ileile. Mtu akihama pochi anadhani ameibiwa, au ameokota.
Hoja yangu: sisi tunaotafsiri programu hizi tuchague jina moja la kati na tuling'ang'anie. Napendekeza "biti", yaani satoshi 100. Biti na satoshi zitakaa kama shilingi na senti: desimali mbili tu, ambazo kila mtu kazizoea tangu shule ya msingi. Pingeni.

#2 Thumuni
Biti? Mkuu, ukimwambia mtu wa mtaani "nitakupiga biti" anajiandaa kukimbia.
Utani kando, neno hilo lina kazi tayari humuhumu kwenye fani. Ufunguo wa siri una biti 256. Sasa mwandikie mgeni: "Hifadhi ufunguo wako wa biti 256 kabla ya kupokea biti 256." Ya kwanza ni urefu wa namba, ya pili ni satoshi 25,600. Tafsiri gani hiyo inayodai maelezo kila ukurasa?

#3 fundi_nodi
Kabla hamjashikana mashati: ndani ya programu hakuna desimali, hakuna biti ya Kokotoo, hakuna mBTC. Kuna namba nzima ya satoshi basi, imekaa kwenye nafasi ya biti 64 (samahani Thumuni). Kwenye msimbo wa Bitcoin Core, programu kuu ya mtandao wa Bitcoin, kuna kitu kinaitwa COIN, thamani yake 100000000. Nukta inachomekwa mwishoni kabisa, namba inapopelekwa kwenye skrini.
Ushahidi ni zawadi ya bloku, yaani sarafu mpya anazopewa mchimbaji. Ilianza satoshi 5,000,000,000, na kila baada ya bloku 210,000 inakatwa nusu, kinachobaki chini ya satoshi moja kinatupwa. Tangu Aprili 2024 ni 312,500,000. Ikikatwa mara ya 32 itabaki satoshi 1, mara ya 33 sifuri. Kwa sababu ya hayo makombo yanayotupwa, jumla haitafika milioni 21 kamili, inagota 20,999,999.9769.
Kwa hiyo mnachobishania ni kibandiko tu. Ila kibandiko kikikosewa, hela inakwenda kweli.

#4 Jero
Fundi, kwa nini desimali nane? Kwa nini si sita, au tisa?

#5 fundi_nodi
Piga hesabu. Milioni 21 mara milioni 100 ni 2,100,000,000,000,000, yaani tarakimu 16. Lugha za programu kama JavaScript huhifadhi namba zake za kawaida kwa namna ambayo namba nzima inabaki sahihi hadi 2 kwa kipeo cha 53, kama 9,007,000,000,000,000. Satoshi zote za dunia zinaenea humo bila kupoteza hata moja. Ungeongeza desimali ya tisa ungepata tarakimu 17 na zisingeenea.

#6 mama_hesabu
#5 hesabu ni sahihi, lakini ni maelezo ya baada ya tukio. Kuenea si sababu ya kuchagua; hata desimali saba zingeenea. Barua pepe ya Satoshi Nakamoto, mbunifu wa Bitcoin, kwa mwandishi wa programu Mike Hearn ya mwaka 2009 inaeleza kitu kingine: alitaka bei zifanane na za sarafu zilizopo, akakiri kwamba bila kuijua kesho ni kubahatisha. Akatoa mfano kwamba 0.001 ikifikia kuwa na thamani ya yuro moja, rahisi ni kusogeza nukta kwenye maonyesho, aliyekuwa na 1 aione kama 1000. Yaani nafasi iliachwa makusudi ili nukta ihame. Habari ya 53 haimo.

#7 Kibubu
Mnasahau skrini ya programu ya mwanzo. Ilionyesha desimali mbili tu. Na kando ya COIN kwenye msimbo kulikuwa na CENT, thamani yake 1000000, yaani 0.01. Mimi naisoma hivi: mbili za watu, sita za akiba.
Na hii inagusa majina moja kwa moja. Neno "satoshi" lilipopendekezwa Novemba 2010 lilikuwa la hiyo 0.01, si la sehemu ndogo kabisa. Mwaka 2011 ndipo liliposukumwa hadi chini, kwenye desimali ya nane. Kwa hiyo anayesema "satoshi ni satoshi tangu mwanzo" akae kwa kutulia.

#8 Tarakimu
Mnahangaika kutafuta jina la kati na mnalo mdomoni. Satoshi 100,000 ni laki. Hiyo ndiyo mBTC yenu. 0.001 ni laki moja, 0.0025 ni laki mbili na nusu, 0.01 ni milioni, Bitcoin nzima ni milioni mia. Mzungu anahitaji "milli" kwa sababu hana neno la tarakimu sita. Sisi tunalo na tunalitumia kila siku kwenye kodi ya nyumba.
Tuweke satoshi kama msingi, desimali zife, lugha ifanye kazi yake.

#9 Kokotoo
Tarakimu, laki ni idadi, si jina la kipimo. Kwenye menyu ya mipangilio mtu anachagua "onyesha kwa: BTC / mBTC / biti / satoshi". Utaandika "onyesha kwa laki"? Laki ya nini?

#10 Tarakimu
Ondoa menyu.

#11 BintiBaisa
Habari kutoka Muscat. Huku rial moja ni baisa 1,000, kwa hiyo desimali tatu ni maisha ya kawaida, 2.500 ni mbili na nusu na hakuna anayeisoma elfu mbili mia tano. Hoja ya #1 kwamba "kila mtu kazoea desimali mbili" ni ya Dar na Nairobi.
Kwa wanaoandika programu: kiwango cha ISO 4217 kinampa kila sarafu idadi yake ya desimali. Shilingi ya Tanzania na ya Kenya 2, rial ya Oman 3, shilingi ya Uganda 0, faranga za Rwanda na Burundi 0. Ukiandika "zidisha kwa 100" moja kwa moja kwenye msimbo, Oman unakosea mara kumi na Uganda mara mia. Bitcoin ni vilevile: jina la kipimo liende na idadi ya desimali zake kwenye jedwali moja. BTC 8, mBTC 5, biti 2, satoshi 0. Mkibadili jina bila kubadili namba ya pembeni yake, mmeharibu.

#12 KasaiNet
Naongeza la huku Kongo. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa, mkato ndio desimali. Pale Kokotoo alipoandika "2,500 bits", kompyuta iliyowekwa mipangilio ya Kifaransa inaweza kusoma mbili na nusu. Burundi ni hivyohivyo. Kosa linatokea wakati wa kunakili na kubandika: umenakili 1,000 kutoka tovuti ya Kiingereza, umebandika kwenye lahajedwali, imekuwa 1. Dawa ni kuandika kiasi bila kitenganishi chochote, au kwa nafasi: 250 000. Na kiungo cha malipo kinachoanza na *bitcoin:* ndani yake kuna *amount=0.0025*, humo kinakubalika nukta tu, mkato hautakiwi kabisa, na kipimo ni BTC siku zote. Ukiandika amount=50 umeomba Bitcoin hamsini.

#13 Jero
Hapo hapo. Ankara ya Lightning, ule mtandao wa malipo ya haraka juu ya Bitcoin, inaanza na lnbc1... Hiyo 1 ni Bitcoin moja??

#14 fundi_nodi
Hapana, na hili swali linawatoa watu jasho. Chukua inayoanza *lnbc2500u1pv...* Ipasue hivi:
*ln* ni Lightning. *bc* ni mtandao halisi (ya majaribio huwa *tb*). *2500* ni kiasi. *u* ni kizidisho, micro. Halafu *1* ni ukuta tu unaotenga kichwa na mwili wa ankara. 2,500 mara 0.000001 ni 0.0025 BTC, satoshi 250,000. Ndiyo ileile ya #1.
Ukikuta *lnbc1...* maana yake ankara haina kiasi, mlipaji anajaza mwenyewe. Ukikuta *lnbc10u1...* kiasi ni 10u, satoshi 1,000. Ukuta ni ile 1 ya mwisho kwenye mfuatano wote, kwa sababu mwili wa ankara hautumii tarakimu 1 kabisa, wala herufi b, i, o.
Vizidisho ni vinne: m, u, n, p. Yenye p lazima kiasi chake kiishie na 0, maana kipimo kidogo kabisa cha Lightning, milisatoshi (elfu moja ni satoshi moja), ni pico kumi. Ikiishia na tarakimu nyingine, pochi inatakiwa kuikataa.

#15 Jero
Asante fundi. Kwa hiyo "bits" ya Kokotoo tayari iko kwenye ankara, ila inaitwa u.

#16 Kokotoo
😄 Jero kanisaidia bila kutaka.

#17 Kibubu
Na milisatoshi ndiyo inayouma zaidi kwa waandishi wa programu. Kwenye LNURL, utaratibu wa pochi za Lightning kuulizana malipo, kiasi chote, cha chini na cha juu, huandikwa kwa milisatoshi. Mtu anaweka 1000 akidhani satoshi elfu, mteja analipa satoshi 1. Kinyume chake ni hatari zaidi: jibu limesema 250000, programu inaonyesha "satoshi 250,000" kumbe ni 250.
Halafu milisatoshi haipo kwenye mnyororo wenyewe, yaani daftari kuu la Bitcoin. Ukifunga chaneli (njia yako ya malipo ya Lightning) ukiwa na 84,310,750 msat, unaandikiwa satoshi 84,310 na zile 750 zinaachwa kwenye ada ya muamala. Ukishazipa jina zuri, mtu ataziulizia.

#18 mama_hesabu
Tukiwa kwenye ada, hapa ndipo vipimo viwili vinagongana vibaya kuliko biti na laki. Ada ya mnyororo hutajwa kwa satoshi kwa kila baiti pepe (kipimo cha ukubwa wa muamala), sat/vB. Muamala wa kawaida wa segwit (muundo mpya wa miamala), ingizo moja na matokeo mawili, una vB 141 hivi. Kwa 5 sat/vB ni satoshi 705. Lakini amri za zamani za Bitcoin Core zinataka BTC kwa kila vB 1,000. Hiyo 5 unaiandika 0.00005. Ukisahau ukaandika 5, umeahidi Bitcoin 0.705 kwa muamala wa kununulia vocha.
Core ina breki: ada ikizidi 0.10 BTC, kwa mipangilio ya kawaida, inakataa. Pochi ndogondogo si zote zenye breki hiyo. Kwa hiyo Kokotoo, kabla ya jina la kati, tafsiri kwanza vibandiko vya ada, na uandike kipimo pembeni ya kisanduku, si kwenye ukurasa wa msaada.

#19 Thumuni
Nawapeleka pembeni kidogo. Ethereum, mnyororo mwingine wenye sarafu iitwayo etha, walijaribu kujaza ngazi zote kwa majina ya watu. Chini kabisa wei, ya Wei Dai aliyeandika b-money, pendekezo la fedha ya kidijitali, 1998. Juu yake szabo ya Nick Szabo, finney ya Hal Finney aliyepokea Bitcoin 10 za kwanza kutumwa, Januari 2009. Finney 1,000 ni etha moja, szabo milioni moja ni etha moja, wei za etha moja ni 1 na sifuri kumi na nane. Matokeo? Lugha ya kuandikia programu za Ethereum, Solidity, toleo 0.7.0 ilifuta finney na szabo kwa kukosa watumiaji. Iliyopona ni wei na gwei (wei bilioni), na gwei imepona kwa sababu ada zinatajwa kwa gwei.
Fundisho: jina la kati linaishi pale tu penye bei inayotajwa kila siku. Biti haina bei yake. Sat inayo, ni ada.

#20 fundi_nodi
Na wei imeleta lile tatizo la #5. Etha 0.01 ni wei 10,000,000,000,000,000, imeshavuka 2 kwa kipeo cha 53. Ukitumia namba ya kawaida ya JavaScript, tarakimu za mwisho zinaanza kupotoka, tumia BigInt, aina ya namba nzima isiyo na kikomo hicho. Lahajedwali ndiyo mbaya zaidi: inatunza tarakimu 15, zinazobaki inazigeuza sifuri kimyakimya bila kukuonya.

#21 Tarakimu
Cardano, mnyororo mwingine, ndio wamewakomoa Waswahili. Sarafu inaitwa ada, kipande chake lovelace, milioni moja kwa ada moja. Jaribu kutafsiri: "Ada ya muamala ni ada 0.17." 😂

#22 KasaiNet
Angalieni pia sarafu inayobeba jina moja kwenye minyororo tofauti. USDT (sarafu ya kidijitali inayofuata dola) ya Ethereum ina desimali 6, ya BNB Chain ina 18. Msimbo uleule, ukisahau kuuliza mkataba (programu ya sarafu hiyo kwenye mnyororo) "desimali zako ngapi", unakosea mara trilioni. Hapo hakuna jina la Kiswahili litakalokuokoa.

#23 Kibubu
Ila Thumuni, la #19 kuhusu jina la kati kufa halina ukweli wote. Angalia lugha yetu. Rupia ya Wajerumani ilikuwa pesa 64, mwaka 1904 wakaibadili ikawa heller 100. Rupia imekufa, leo ni jina la kwenye vitabu. Pesa na hela ziko hai, tena si vipande tena, ndiyo majina ya fedha yenyewe. Kwetu kipande kinammeza mzazi. Satoshi nayo itaimeza Bitcoin vivyohivyo, watu watasema "sina sati".

#24 BintiBaisa
Pesa na baisa ya kwetu huku ni ndugu, zote zinarudi kwenye paisa ya Kihindi.

#25 mama_hesabu
Wapo wanaoirudisha pesa kwa Wareno. Hilo halijaisha.

#26 Jero
Na thumuni? Ni senti hamsini, nusu ya shilingi, lakini neno lenyewe ni sehemu ya nane. Nane ya nini?

#27 Thumuni
Ya riale, kijana, si ya shilingi. Sarafu kubwa ilibadilika, jina la kipande likabaki limening'inia. Ndicho ninachowaogopesha nacho: ukiita satoshi 100 "biti" leo, kesho nukta ikihama, biti itabaki imening'inia kama mimi.

#28 fundi_nodi
Na nukta inaweza kuhama. Kuna mapendekezo mawili rasmi ya kuboresha Bitcoin (huitwa BIP) yanayogombana. BIP 176 ya 2017 inataka bits, ileile ya Kokotoo. BIP 177 ya 2025 inakwenda upande wa pili: futa desimali zote, kipande kidogo kabisa ndicho kiitwe bitcoin. Kilichokuwa BTC 1 kionyeshwe ₿100,000,000. Mnyororo haubadiliki hata herufi, maana ndani ni namba nzima tayari (#3).

#29 Tarakimu
Kumbe BIP 177 ni hoja yangu ya #8 iliyovaa suti. Ondoa menyu.

#30 KasaiNet
Isipokuwa #12. Kiungo cha *amount=1* kilichochapishwa kwenye karatasi ya QR ukutani kitamaanisha nini? Programu ya zamani itasoma milioni mia, mtu wa kizazi kipya atasoma kimoja. Kubadili jina bila kubadili alama ni kutega watu. Sati angalau ni neno tofauti, haligongani na lolote.

#31 mama_hesabu
Upande wa pili mgeni akiona bei ya BTC moja anadhani lazima anunue nzima, anaondoka. Hiyo ndiyo sababu ya BIP 177, na si ya kijinga. Halafu vipande vyenyewe vina kikomo chake: nodi, kompyuta zinazoendesha mtandao, kwa kawaida hazipitishi tokeo (kiasi kinachokwenda anwani moja) la chini ya satoshi 546 kwa anwani za zamani zinazoanza na 1, au 294 kwa zile za kawaida, fupi, za bc1q. Chini ya hapo ni vumbi. Kwa hiyo "bitcoin 1" ya BIP 177 kwenye mnyororo haitumiki peke yake. Utamweleza mgeni kwamba bitcoin moja ni vumbi?

#32 Kokotoo
Sawa, nalegeza. Kwenye tafsiri ninayoishughulikia sasa: BTC inabaki BTC, mBTC naondoa, biti naiweka kwenye mipangilio ya ndani kwa anayeitaka, na chaguo la kwanza ni satoshi kwa tarakimu kamili. Kifupi chake "sati". Wingi: sati 1, sati 5, ngeli ya N, "sati imetumwa, sati zimetumwa". Kisanduku cha ada kitaandikwa "sati kwa vB" kwenye kisanduku chenyewe, kama alivyosema mama_hesabu.

#33 Thumuni
Sati ni sawa. Ila biti hata kwenye mipangilio ya ndani naipinga.

#34 Jero
Kwani tusiseme "masatoshi"?

#35 Tarakimu
Jero, hilo sasa tutakupiga biti.

#36 BintiBaisa
Kokotoo, kwenye jedwali lako sati weka desimali 0, lakini pochi ya Lightning iachie 3 kwa ajili ya milisatoshi, la sivyo mizania haitalingana na ya nodi. Na kitenganishi cha maelfu usikiandike kwa mkono, kichukue kwenye mipangilio ya simu ya mtumiaji.

#37 KasaiNet
Kwenye mipangilio ya simu kuna sw-TZ, sw-KE, sw-UG na sw-CD. Hiyo ya mwisho ni sisi, na mkato wetu ni desimali. Ijaribu kabla hujaiachia.